Mlinganyo unarudi nyuma, mtiririko haurudi: imekuwaje?

*"Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia na nimekwama. Mhadhiri alituambia kwamba mtiririko wa renomalizesheni haurudi nyuma kwa sababu kila hatua tunatupa taarifa. Lakini mlinganyo wa beta ni mlinganyo wa mabadiliko wa daraja la kwanza tu. Nikijua nguvu ya mwingiliano kwenye nishati moja, naikokotoa kwenda juu au chini nitakavyo. Tena watu wanachora nguvu tatu za asili mpaka kwenye nishati ambazo hakuna mashine iliyowahi kuzifikia. Huko si kurudi nyuma? Rafiki yangu anasema yote haya ni sheria ya pili ya themodinamiki iliyobadilishwa jina. Halafu nimesoma kwamba kuna mitiririko inayozunguka duara. Kama kuna inayozunguka, huko kutorudi nyuma kuko wapi? Nimepewa tasnifu kwenye eneo hili na naogopa sijaelewa hata swali lenyewe."*

Marahaba, mwanangu. Anayeuliza hivi hajapotea. Umefika mahali ambapo vitabu vingi hupita mbio, ukasimama, na ulifanya vizuri kusimama. Shida ni kwamba umekabidhiwa kapu lenye vitu vitatu ukaambiwa ni kimoja. Kuna taarifa zinazotupwa tunapotazama mambo kwa mbali. Kuna mlinganyo wa beta, unaosema nguvu ya mwingiliano inabadilika vipi nishati ikibadilika, ambao kweli unakwenda mbele na nyuma. Na kuna thiorema, yaani jambo lililothibitishwa, inayosema mtiririko, yaani safari ya nadharia kutoka vitu vidogo kwenda vikubwa, una upande wa chini. Hicho cha tatu ndicho tasnifu yako inachohusu, na hakitokani na cha kwanza kama ulivyoambiwa.

Chukua daftari. Panga sumaku ndogondogo kwenye mstari mmoja mrefu, kila moja ikielekea juu au chini. Huo ni mnyororo wa Ising. Kila sumaku inahisi majirani zake wawili tu, na nguvu ya kuhisiana huko, ikishagawanywa kwa joto, tuiite K. Sasa acha moja, futa moja: kila sumaku ya pili ijumlishie hali zake zote mbili, kisha iondoe. Zilizobaki bado zinahisiana, ila kwa nguvu mpya, K′. Hesabu yake ni ya mistari mitatu na haina makadirio hata kidogo. Ukiandika t badala ya tanh K, jibu ni t′ = t². Basi.

Anza na K = 1, ambapo t ni 0.762. Futa mara moja, unapata 0.580. Tena, 0.336. Tena, 0.113. Tena, 0.013. Mara ya tano umebaki na 0.00016, na kila sumaku imekuwa mkiwa, haijui jirani anafanya nini. Huo ndio mtiririko wa renomalizesheni kwa mikono yako mwenyewe: umeondoka kwenye vitu vidogo ukaenda kwenye vikubwa, na nguvu ya mwingiliano imebadilika njiani.

Sasa rudi nyuma kama unavyotaka. Kipeuo cha pili cha 0.00016 kinakupa 0.013, cha hiyo kinakupa 0.113, na ukiwa umetunza desimali za kutosha utafika 0.762 bila jasho. Kwa hiyo ulikuwa sahihi: mlinganyo unarudi. Lakini angalia ulirudi kwa hila gani. Ulikuwa na siri mfukoni. Ulijua kwamba mnyororo wa mwanzo ulikuwa na viungo vya aina moja tu.

Tuseme haukuwa hivyo. Tuseme viungo vilikuwa vya aina mbili vinavyopokezana, kimoja chenye t₁ na kinachofuata chenye t₂. Ukifuta sumaku ya kati unapata t′ = t₁ × t₂. Nikikupa t′ = 0.58 peke yake, utaniambia mnyororo wa mwanzo ulikuwa upi? 0.762 mara 0.762 ni 0.58. Na 0.9 mara 0.644 nayo ni 0.58. Minyororo miwili tofauti imeishia mahali pamoja, na hakuna kipeuo kitakachoitenganisha. Hapa ndipo taarifa ilipotupwa kweli. Na ukipanda kwenye kimiani ya pande mbili, yaani sumaku zilizopangwa kama miraba ya daftari, mambo yanachacha zaidi, kwa sababu kila ukifuta sumaku, mwingiliano mpya ambao haukuwepo unachomoza: wa majirani wa mbali, wa sumaku nne kwa pamoja, na kuendelea bila mwisho.

(Ndiyo maana wanahisabati hutucheka kwa jina "kundi la renomalizesheni". Kundi, kwa maana yao, lazima kila hatua iwe na hatua ya kuitengua. Kufuta sumaku hakuna kitenguzi. Jina lilikuja na kazi za miaka ya 1950, kabla ya mwanafizikia Kadanoff kuleta mwaka 1966 wazo la kukusanya sumaku katika matofali, na kabla ya mwenzake Wilson mwaka 1971 kuligeuza wazo hilo kuwa mashine kamili iliyompa Nobeli ya 1982. Tumelizoea tu.)

Mimi huwapa wanafunzi picha ya Mto Pangani. Maji yake yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu kupitia Kikuletwa na Ruvu (si Ruvu ile inayowanywesha watu wa Dar es Salaam), yanapita Korogwe na kumwagika Bahari ya Hindi pale Pangani mjini. Ukiwa na ramani, kidole chako kinaupanda mto huo bila shida: Pangani, Korogwe, Nyumba ya Mungu. Huo ndio mlinganyo wako wa beta ukikokotolewa kinyume. Kidole kikifika bwawani lazima uchague, Kikuletwa au Ruvu, na maji uliyochota Korogwe hayakuambii yametoka wapi. Hizo ndizo taarifa zilizotupwa. Lakini kuna jambo la tatu ambalo si kidole wala njia panda: mahali pote mto unapopita pana mwinuko juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo unapungua kila hatua. Kidole kikipanda, mwinuko unaongezeka. Hakuna ugomvi wowote kati ya kidole kupanda na maji kushuka. Swali zito ni hili tu: je, nadharia za uga wa kwanta, zile zinazoeleza chembe kama mitikisiko ya uga, zina mwinuko?

Kabla ya kujibu, nimalizie zile nguvu tatu za asili. Nguvu ya umeme na sumaku tunayoipima mezani ni takriban 1/137, na kwenye nishati ya GeV 91 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe) inakuwa karibu 1/128. Nguvu kali inayofunga kwarki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, kwenye nishati hiyohiyo, ni kama 0.118, na inadhoofika unavyopanda, jambo lililogunduliwa mwaka 1973 na Gross, Wilczek na Politzer. Michoro uliyoiona inapandisha mistari hiyo mpaka karibu GeV 10¹⁶. Ni kidole kwenye ramani. Inafanya kazi kwa sharti kwamba njiani hakuna chembe nyingine tusiyoijua. Chembe nzito ikijitokeza katikati, mstari unapinda kuanzia hapo. Kwarki ya t yenye GeV 173 haikuonekana mpaka 1995, na aliyechora kabla ya hapo ilimbidi aibahatishe uzito. Kupima kwenye nishati za chini peke yake kusingemwonyesha kila kilichopo juu. Usiidharau michoro hiyo, lakini usiiite kurudi nyuma kwa mtiririko.

Sasa mwinuko. Mwaka 1986 Alexander Zamolodchikov alithibitisha kwamba katika vipimo viwili, yaani nafasi moja na muda mmoja, upo. Kuna namba C inayotegemea nguvu zote za mwingiliano, haiongezeki kamwe unaposhuka kwenda kwenye nishati ndogo, na inatulia pale tu mtiririko unapotulia, kwenye zile tunazoziita nukta tuli. Hapo C inakuwa sawa na namba c inayojulikana kwa kila nadharia ya namna hiyo. Uga huru wa skala, yaani ulio sahili kuliko wote, wenye namba moja tu kila mahali, una c = 1. Sumaku za Ising kwenye kimiani ya pande mbili, zikiwa kwenye joto lao la mpito, zina c = 1/2. Ising yenye nafasi tupu, ile ya mpito wa aina tatu, ina 7/10. Potts ya hali tatu, ambamo kila sumaku ina hali tatu badala ya mbili, ina 4/5.

Tazama nguvu ya jambo hili. Inajulikana kwamba ukiichokoza Ising ya 7/10 kwa namna fulani inatiririka mpaka Ising ya kawaida ya 1/2. Thiorema inakuambia, bila wewe kukokotoa chochote, kwamba safari ya kinyume haipo. Ichokoze Ising ya kawaida utakavyo, haitakupeleka kwenye 7/10. Na hiyo ya 7/10 haitafika Potts kamwe. Kwa anayefanya kazi hizi kila siku, huo ni msaada mkubwa: nusu ya mishale uliyokuwa ukiiwazia kwenye ubao unaifuta kabla ya kunywa chai.

Kwa nini C inashuka? Kila nadharia ya uga ina tensa ya nishati na mkazo, yaani jedwali la nishati na misukumo ya kila mahali, na ndani yake kuna sehemu moja, trasi yake (jumla ya ulalo wa jedwali), tuiite Θ. Nadharia ikiwa kwenye nukta tuli haibagui vidogo na vikubwa, na Θ ni sifuri. Nje ya nukta tuli Θ si sifuri. Ndiyo inayopima jinsi nadharia inavyobadilika unapobadilisha skeli. Zamolodchikov alichukua vipande vya tensa hiyo, akaviunganisha kwa kutumia sheria ya kuhifadhi nishati, na akapata kwamba r mara badiliko la C kwa umbali r ni hasi ya namba chanya, mara r⁴, mara uhusiano wa Θ ya mahali pamoja na Θ ya mahali pengine. Uhusiano huo hauwezi kuwa hasi, kwa sababu ni urefu wa hali ya kwanta ukizidishwa kwa urefu huohuo. Yote yanaegemea hapo: urefu wa hali ya kwanta si hasi, na uwezekano wote ukijumlishwa ni 1. Sharti hilo tunaliita unitariti.

Utaona kwamba popote kwenye hoja hiyo sijasema "tumetupa taarifa". Hapa ndipo ninapotofautiana na mhadhiri wako, kwa heshima zote. Taarifa zinatupwa katika nadharia zisizo na unitariti pia. Matofali ya Kadanoff hayaulizi habari za unitariti. Lakini kwenye nadharia hizo thiorema inavunjika. Kwa hiyo kutupa taarifa peke yake hakuwezi kuwa sababu. Ni picha nzuri ya kuanzia darasani, na mimi mwenyewe huitumia, lakini ukiandika kwenye tasnifu kwamba ndiyo uthibitisho, mtahini makini atakurudisha.

Kuna ushahidi mwingine dhidi ya picha hiyo, na ndio ninaoupenda zaidi. Watu husema C "inahesabu njia huru za nadharia kutikisika", na kwamba ukienda mbali zinapungua kwa sababu zile nzito zimeganda. Vizuri. Basi tuzihesabu kwa njia iliyo wazi kuliko zote: pasha nadharia moto uone inabeba nishati huru kiasi gani. Katika vipimo viwili hesabu hii inakupa c ileile kwenye nukta tuli. Katika vipimo vitatu inakudanganya. Chukua nadharia yenye uga N unaozungukana kwa ulinganifu, N ikiwa kubwa. Kwenye nukta yake ya mpito, kihesabio cha moto kinasoma 4N/5. Iache itiririke mpaka ulinganifu uvunjike, na zinabaki chembe huru N − 1 zisizo na uzito. Ukiweka N = 100, umeanza na takriban 80 ukaishia na 99. Hesabu imepanda! Hakuna kanuni ya fizikia iliyovunjwa. Kihesabio ndicho kilichochaguliwa vibaya. Kutafuta kihesabio sahihi kwa kila idadi ya vipimo kuliwachukua watu miongo.

Katika vipimo vitatu kihesabio hicho kinaitwa F, na hupatikana kwa kuiweka nadharia juu ya tufe. Kwa skala moja huru F ni karibu 0.0638. Rudi kwenye mfano wetu wa N: kwenye nukta ya mpito F ni N mara 0.0638 ukitoa karibu 0.015, na mwishoni ni N − 1 mara 0.0638. Toa mwenyewe, imeshuka kwa karibu 0.049. Pale moto uliposema imepanda, tufe limesema imeshuka. Waliothibitisha kwamba F hushuka daima ni Horacio Casini na Marina Huerta wa Bariloche, Argentina, mwaka 2012, na njia yao inanileta kwa rafiki yako.

Rafiki yako hajakosea kabisa, ila amewahi. Sheria ya pili inahusu muda. Hapa hakuna muda unaopita, ni jicho lako linalosogea mbali. Lakini entropia, ile namba ambayo sheria ya pili inasema haipungui, imo. Casini na Huerta walionyesha mwaka 2004 kwamba hata thiorema ya Zamolodchikov inapatikana kwa entropia ya mfungamano wa kwanta. Kata kipande cha nafasi chenye urefu r, uliza kimefungamana kiasi gani na kilicho nje yake, na jibu liite S. Kwenye nukta tuli S ni c/3 mara logi ya r, ukiacha namba isiyobadilika. Kwa hiyo 3r mara badiliko la S kwa r inakupa c. Sasa chukua vipande viwili vinavyoingiliana, lakini usivilaze kwenye mstari ulionyooka: viinamishe, kimoja huku na kingine kule, ncha zake zikikaa kwenye njia za mwanga. Sheria ya entropia inasema jumla ya entropia za vipande viwili haipungui jumla ya entropia ya muungano wao na ya makutano yao. Ukiisogeza hesabu hiyo kidogo kidogo kwenye njia za mwanga, unapata kwamba r mara badiliko la S haliongezeki r inapokua. Ukurasa mmoja. Mara ya kwanza nilipoisoma nilidhani kurasa nyingine zimepotea.

Angalia viungo vyake: entropia, ndiyo, lakini pamoja na uhusianifu wa Einstein. Bila kuinamisha vipande kwenye njia za mwanga, hoja haisogei. Kwa hiyo mwambie rafiki yako: ni ndugu wa sheria ya pili kwa upande mmoja, na upande wa pili ni spidi ya mwanga.

Kuhusu vipimo vinne, ulimwengu wetu, nitakwenda haraka ingawa ndiko kulikokuwa na vita virefu. John Cardy alipendekeza mwaka 1988 kwamba mwinuko ni namba iitwayo a, inayotokea nadharia ikiwekwa kwenye nafasi iliyopinda. Skala huru inahesabiwa 1, fermioni ya Dirac (chembe ya aina ya elektroni au kwarki) 11, na uga kama wa fotoni 62. Jaribu mwenyewe kwa nguvu kali, ukichukua kwarki mbili nyepesi kana kwamba hazina uzito. Juu kabisa kuna gluoni 8, chembe zinazobeba nguvu hiyo na kuhesabiwa kama fotoni, yaani 496, na kwarki mbili zenye rangi tatu, yaani 66. Jumla 562. Chini kabisa zinabaki pioni tatu, chembe nyepesi zilizoundwa na kwarki hizo na zinazohesabiwa kama skala: 3. Kutoka 562 hadi 3, hiyo si kushuka, ni kuporomoka. Hata hivyo uthibitisho wa jumla haukupatikana mpaka 2011, Zohar Komargodski na Adam Schwimmer walipoongeza chembe ya kubuni, dilatoni, wakaonyesha kwamba tofauti ya a ya juu na ya chini ni jumla ya uwezekano wa dilatoni kugongana, na uwezekano hauwi hasi. Unitariti tena. Miaka 23 ilipita kati ya pendekezo na uthibitisho. Kama kutupa taarifa kungetosha, wangeithibitisha siku ileile.

Sasa mitiririko ya duara. Ipo. Wilson mwenyewe aliiwazia mwaka 1971. Mfano ulio hai ni wa Vitaly Efimov wa 1970: chembe tatu zinazofanana, kila mbili zikiwa karibu kushikana, hutengeneza mfululizo wa hali ambamo kila moja ni kubwa kuliko iliyotangulia kwa takriban mara 22.7. Tazama mara 22.7 zaidi na picha inajirudia, mtiririko umezunguka. Mwaka 2006 kundi la Innsbruck liliona dalili zake kwenye atomi za sizi (cesium) zilizopozwa sana. Lakini atomi hizo zinatembea polepole na fizikia yake si ya uhusianifu. Hakuna njia za mwanga za kuinamishia vipande. Thiorema haikuahidi chochote huko, kwa hiyo haijavunjwa. Mnamo 2011 na 2012 kulikuwa na madai ya duara ndani ya nadharia za vipimo vinne zenye unitariti na uhusianifu, na watu walishtuka kweli. Ilipochunguzwa, duara lile lilikuwa kuzungushwa kwa majina ya uga tu. Fizikia yenyewe ilikuwa imesimama kwenye nukta tuli.

Kwa tasnifu yako naona njia tatu, na hazilingani. Unaweza kuchukua vipimo viwili na kukokotoa C kwa uchokozi mdogo karibu na nukta tuli. Ni salama, majibu yanajulikana, na utajifunza sana, ila ni vigumu kusema jambo jipya. Unaweza kuchukua dilatoni ya vipimo vinne; ni nzuri, lakini inadai uwe umeshazoea nadharia ya migongano, na kwa muda wa uzamili naogopa utamaliza ukiwa bado unajenga jukwaa. Mimi ningechukua njia ya entropia. Inaanza na ukurasa mmoja unaoweza kuumiliki kabisa, na unaweza kuipima kwa kompyuta ya kawaida kwa kuweka uga huru wenye uzito kwenye kimiani na kutazama c ikishuka kutoka 1 kuelekea 0 kadiri kipande kinavyorefuka.

Ukikokotoa na kukuta mwinuko wako unapanda, usiandike makala ya kuipinga thiorema. Kwanza angalia mshale. Watu wa chembe huandika mlinganyo wa beta ukielekea nishati kubwa, watu wa maada huuandika ukielekea umbali mkubwa, na alama inageuka. Mimi niliwahi kupoteza wiki mbili za ujana wangu kwa alama hiyo moja. Pili, angalia kama nadharia yako ina unitariti. Tatu, angalia kama huko juu unakoanzia ni nukta tuli kweli, maana thiorema ya vipimo vinne inalinganisha nukta tuli mbili, na yanayotokea katikati bado hayajathibitishwa kwa ukamilifu uleule.

Hayo unaweza kuyakagua peke yako. Kuna mengine hayafai kwa maandishi. Kama umekaa na hatua moja zaidi ya wiki mbili, beba daftari lenye makosa yako, si lile safi, umwendee msimamizi wako mkae ubaoni. Hoja ya vipande vilivyoinamishwa hasa ni ya kuchorewa kwa chaki huku ukiuliza. Kama idarani kwenu hakuna anayefanya mambo haya, ulizia shule fupi za taasisi ya Kigali, EAIFR, iliyo Chuo Kikuu cha Rwanda tangu 2018, au kituo mama cha Trieste, ICTP, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi wa nchi kama zetu. Omba mapema, na kwenye barua yako andika swali uliloniandikia mimi, neno kwa neno.

Wiki hii fanya moja tu. Chukua t′ = t₁ × t₂, weka viungo vya aina tatu vinavyopokezana badala ya viwili, kisha ufute sumaku mbili katika kila tatu. Ukipata t₁ × t₂ × t₃, hamia kwenye kimiani ya pande mbili uone mwingiliano mpya unavyochomoza kwenye hatua ya kwanza kabisa. Hapo utajua kwa nini Wilson alihitaji kompyuta.